Kauli ya muuguzi ni kazi, si hisani

Wakenya wanapokaa pamoja na mazungumzo yakaingia habari za hospitali, haupiti muda kabla ya kinywa cha muuguzi kutajwa. Mmoja atasimulia jinsi mkewe alivyokemewa alipokwenda kujifungua. Mwingine ataeleza alivyofokewa kwa kuuliza tu dawa aliyopewa ni ya nini. Ni nadra mno kumsikia mtu akilalamika kwamba muuguzi hakujua kudunga sindano au kufunga kidonda. Lalamiko letu kubwa ni la kauli. Na kwa kuwa lugha ndiyo kazi inayonipa riziki, nimeonelea nilitazame lalamiko hili kwa jicho la mwanaisimu, maana nahofia kwamba tumelielewa nusu yake tu.

Nusu tunayoielewa ni kuwa neno baya humwumiza mgonjwa. Nusu tusiyoielewa ni kuwa neno jema lina gharama, na gharama hiyo kuna mtu anayeilipa kila siku kutoka katika nafsi yake. Je, mtu huyo tumempa nini cha kulipia?

Nianze na kisa kilichonifungua macho. Miaka michache iliyopita nilikesha usiku 11 katika wadi ya wanaume ya hospitali moja ya umma, nikimuuguza mjomba wangu aliyekuwa taabani kwa maradhi ya figo. Hakuweza kujigeuza, kwa hiyo niliruhusiwa kukaa kwenye kiti kando ya kitanda chake. Wadi ilikuwa na vitanda 30 na wagonjwa 42. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe usiku wa pili, usingizi uliponiruka. Muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa mmoja, akisaidiwa na mwanafunzi aliyekuwa bado anajifunza kazi.

Usiku wa kwanza nilimsikia akiita kwa sauti kali: "Jamaa wa kitanda 14! Yuko wapi jamaa wa kitanda 14?" Nilipofika mbele yake hakunisalimu wala hakuinua macho. Alinipa karatasi, akaniambia dawa hiyo haipo, asubuhi niende nikainunue nje. Nikamwambia, kwa ukali wa mtu aliyezoea kusikilizwa darasani, kwamba kitanda 14 kina mwenyewe na mwenyewe ana jina. Akanijibu kuwa majina yamo kwenye faili. Nilirudi kitini nikitunga kichwani barua ya kumshtaki kwa mkuu wa hospitali.

Barua hiyo sikuiandika. Usiku wa nne, yapata saa tisa, mzee mmoja aliyelala kitanda cha tatu kutoka chetu alizidiwa. Muuguzi yule alijitahidi kumwokoa kwa mikono yake huku mwanafunzi akikimbia kumwita daktari, lakini daktari alipofika mambo yalikuwa yamekwisha. Muuguzi akamfumba marehemu macho, akamnyoosha viungo, akamfunika shuka, akajaza fomu, akanawa mikono. Kisha akalisukuma toroli la dawa hadi kwa mgonjwa aliyefuata, maana saa ya dawa ilikuwa imewadia. Alfajiri watoto wa marehemu walifika. Mmoja wao alimnyoshea kidole, akamwambia mbele ya wadi nzima: "Nyinyi ndio mliomuua baba yetu." Alisimama kimya mpaka kijana alipomaliza, kisha akatamka neno moja: "Poleni." Haikupita nusu saa akawa anamkemea mgonjwa aliyemwaga uji.

Tangu hapo nilianza kumsikiliza kwa makini, kama ninavyosikiliza kanda za utafiti wangu. Niligundua kuwa ana lugha tatu. Maandishi yote aliyaandika kwa Kiingereza. Amri alizitoa kwa Kiswahili: geuka, kunywa, nyamaza, jikaze. Lakini palikuwa na kijana mmoja aliyelia usiku kwa maumivu, na kila alipomwendea alimwinamia akamnong'oneza kwa lugha ya kwao wawili, naye kijana akatulia. Kumbe upole alikuwa nao. Alichokosa ni upole wa kuwatosha watu 42.

Usiku wa sita nilipata ujasiri wa kumwuliza. "Sista," nikamwambia, "mbona huwaiti wagonjwa kwa majina yao?" Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mwalimu," akasema, "nikimwita kwa jina, akifa nitalia. Nami nikilia, hawa wengine watapewa dawa na nani?"

Jibu hilo halijanitoka akilini. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba lilikuwa limekwisha kutafitiwa mbali na kwetu. Mnamo mwaka 1960 mtaalamu wa saikolojia Isabel Menzies alichapisha uchunguzi wake juu ya wauguzi wa hospitali moja kubwa ya kufundishia mjini London. Aliona kuwa walizoea kumtaja mgonjwa kwa nambari ya kitanda na kwa ugonjwa au kiungo kilichomsumbua, badala ya jina lake. Kazi nayo iligawanywa vipande vipande, muuguzi mmoja akiwahudumia wengi kidogo kidogo pasipo kumkaribia yeyote. Menzies hakusema kwamba wauguzi hao walikuwa na roho mbaya. Alieleza kuwa huo ulikuwa ukuta uliojengwa na hospitali yenyewe, uwakinge watumishi wake na uchungu wa kukaa na maumivu na mauti kila siku. Kwa bahati mbaya ukuta huo haukuuondoa uchungu. Uliufungia ndani tu, na wanafunzi wengi wa uuguzi wakaiacha kazi kabla ya kufuzu.

Hebu sasa tulitazame neno lenyewe la Kiswahili, maana lina mafunzo. Tunawafundisha wanafunzi wetu kuwa kauli ya kusababisha humfanya mtu atende jambo: kulia huzaa kuliza, kukua huzaa kukuza, kupungua huzaa kupunguza. Kwa kanuni hiyo, kuuguza kungekuwa kumfanya mtu augue. Sivyo walivyotaka wenye lugha. Kuuguza ni kukaa na anayeugua, kumlisha, kumwosha na kumvumilia mpaka apone au afe. Aidha, lugha hii hii inatuambia kwamba mtu huuguza jeraha lake mwenyewe. Kurasa za michezo haziishi kutuarifu kuwa mchezaji fulani hatacheza kwa kuwa anauguza jeraha la goti. Kitenzi ni kimoja. Anayewauguza wengine aweza wakati uo huo kuwa anauguza jeraha lake, nayo sarufi haioni ajabu. Sisi wenye kuisema ndio tunaoona ajabu, kwa kuwa tumejizoeza kuamini kwamba muuguzi ni mkono na sindano, hana moyo wa kujeruhiwa.

Wataalamu wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika mwaka 1990 kwamba kuna aina ya akili inayohusika na hisia. Miaka mitano baadaye, yaani 1995, Daniel Goleman akalieneza wazo hilo kwa kitabu kilichosomwa na watu wengi duniani. Kwa muhtasari, wanazungumzia uwezo wa kuzitambua hisia zako na za mwenzio, kuelewa zinakotoka, kuzitawala, na kuzitumia kwa manufaa. Mimi nitauita stadi za hisia, kwa sababu neno stadi linatukumbusha kuwa jambo hili hufundishwa na kuzoezwa. Halimshukii mtu kutoka mbinguni.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa elimu hii. Kiswahili kimejaa semi za moyo: kufa moyo, kuvunjika moyo, kumtia mtu moyo, kujipa moyo, kupiga moyo konde. Mathalani, kujipa moyo na kupiga moyo konde si mamoja. Anayejipa moyo bado ana tumaini la mema; anayepiga moyo konde amekwisha kuona kuwa lisiloepukika laja, naye anajitayarisha kulikabili. Muuguzi aliye mbele ya mama mwenye mtoto mahututi sharti ajue ni usemi upi kati ya hii miwili unaomfaa mama huyo saa ile. Akikosea, atampa tumaini la uongo au atamnyang'anya tumaini la kweli. Wahenga nao walisema kuwa mgonjwa haulizwi uji. Twaweza kuielewa methali hiyo hivi: anayeuguza hutakiwa kuisoma haja ya mgonjwa kabla haijatamkwa. Mgonjwa anayegombana na kila mtu kwa sababu ya chakula, yamkini hagombei chakula. Anauogopa upasuaji wa kesho. Kulitambua hilo katikati ya wagonjwa 42 ni ujuzi mkubwa, nao hauandikwi popote kwenye faili.

Hapa ndipo tunapokosea. Ujuzi wa sindano tunauita kazi. Ujuzi wa kauli tunauita tabia njema, yaani hisani ya muuguzi kwetu. Asipotufanyia hisani hiyo twamwona mwovu. Mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, alituonya juu ya kosa hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1983. Aliwachunguza wahudumu wa ndege, watu wanaolipwa kwa kubeba sinia na pia kwa kutabasamu, akaiita sehemu hiyo ya pili kazi ya hisia. Alionyesha kwamba hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuubandika uso tabasamu hali moyo unanung'unika. Ya pili ni kuushawishi moyo wenyewe mpaka uhisi kile kinachotakiwa, kwa mfano kumfikiria abiria mkorofi kuwa ni mtu aliyefiwa. Tafiti nyingi zilizofuata, zikiwemo za wauguzi, zimeona kuwa njia ya kwanza ndiyo imchoshayo mtu zaidi. Nayo njia ya pili, ambayo ndiyo bora kwa mgonjwa, huhitaji muda, utulivu na moyo usiokauka. Anayesimama peke yake mbele ya wagonjwa 42 hawezi kuvipata vitu hivyo vitatu.

Matokeo yake yana jina. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022, linautaja uchovu wa kupindukia utokanao na kazi. Halikuuweka katika fungu la magonjwa. Limeuita hali ya kazini inayoletwa na mfadhaiko wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Dalili zake ni tatu. Kwanza, mtu huishiwa nguvu. Pili, hujitenga kimawazo na kazi yake, akaidharau na kuiona haina maana. Tatu, hufikia kujiona hafai. Msomaji, itazame tena hiyo dalili ya pili. Je, si ndiyo tunayoiita kiburi cha manesi? Huenda wengi wa wale tunaowaona wana roho mbaya ni watu waliokuwa na moyo mwema, wakautumia wote pasipo mtu yeyote kuujaza tena.

Ndiyo maana haifai kuzizungumzia stadi za hisia bila kugusa ubora wa maisha ya kazini. Kwa maneno haya nakusudia mambo yanayofahamika na kila mfanyakazi: mshahara unaofika kwa wakati, idadi ya saa na zamu za usiku, vifaa vya kazi, usalama, nafasi ya kupanda cheo, sauti katika maamuzi, na heshima ya wakubwa na wateja. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani. Waliona kuwa kila mgonjwa mmoja anayeongezwa juu ya idadi anayohudumiwa na muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 23 katika uwezekano wa muuguzi kuchoka kupindukia, na asilimia 15 katika uwezekano wa kutoridhika na kazi. La kuogofya zaidi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa katika siku 30 uliongezeka kwa asilimia 7. Basi uchovu wa muuguzi na uhai wa mgonjwa viko katika mizani moja. Wahenga walikejeli wakasema, punda afe, mzigo wa bwana ufike. Katika hospitali methali hiyo haisimami, kwa sababu mzigo wenyewe ni binadamu, na punda akianguka humwangukia.

Najua kuna atakayeniuliza: je, unawatetea wauguzi wanaowatusi na kuwapiga akina mama? La hasha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ambao uliwahoji wanawake 641 waliokuwa wamejifungua katika vituo 13 vya afya nchini Kenya, ulipata kuwa mmoja kati ya kila watano alitendewa jambo la kumvunjia heshima. Wengine walidharauliwa kwa maneno, wengine walitelekezwa, na wachache walipigwa. Hakuna uchovu unaohalalisha kofi.

Hata hivyo, turejelee kesi moja iliyoamuliwa mwaka 2018 na Mahakama Kuu mjini Bungoma. Mama mmoja alikuwa amejifungulia sakafuni hospitalini mwaka 2013, akafokewa na kupigwa na wauguzi, na kitendo hicho kikanaswa kwenye video. Mahakama iliamua kuwa utu wake ulivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 na kuombwa radhi. Lakini jaji hakuishia kwa wauguzi. Aliilaumu pia serikali ya kitaifa na ya kaunti kwa kutotenga rasilmali za kutosha na kutosimamia viwango vya huduma. Hukumu hiyo iliutazama mkono uliopiga, kisha ikautazama uchochoro ambamo mkono huo ulifanyia kazi. Sisi katika maongezi yetu hukomea kwenye mkono.

Kuna neno jingine ambalo limetutia upofu, nalo ni wito. Mnamo Juni 5, 2017, wauguzi wa hospitali za umma walianza mgomo ambao haukumalizika hadi mapema mwezi wa Novemba. Mzozo ulihusu mkataba wa malipo yao. Miezi hiyo mitano wadi nyingi zilibaki tupu na wanyonge wakateseka, na sitaki kuupunguza uzito wa mateso hayo. Lakini nakumbuka jinsi tulivyolitumia neno wito kama rungu: uuguzi ni wito, mwenye wito haulizi mshahara. Tukilichambua neno hili tutaona kwamba ni nomino iliyotokana na kuita. Pasipo mwitaji hapana wito. Nasi tuliomwita muuguzi aje akae na wagonjwa wetu usiku tuna wajibu kwake, kama vile mwenye nyumba alivyo na wajibu kwa mgeni aliyemwalika. Isitoshe, si sisi pekee tunaoita. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wauguzi wetu kwenda kufanya kazi huko. Wengine wameelekea Marekani na nchi za Ghuba. Nao wanaitika wito. Kama mwitaji wa mbali anamthamini muuguzi kuliko wa karibu, lawama si ya aliyeitika.

Basi tufanye nini? Sina cheo cha kuamrisha, ila ninayo maoni manne.

La kwanza, kauli ifundishwe kama stadi nyingine. Mwanafunzi wa uuguzi hufanya mazoezi mengi ya sindano kabla ya kumkaribia mgonjwa. Afanye pia mazoezi ya kumpasha mtu habari ya msiba, ya kumjibu jamaa aliyeghadhibika, na ya kumwambia mgonjwa "sijui" bila ya kumwogofya. Afanye hayo kwa Kiswahili na kwa lugha za wagonjwa anaotazamia kuwahudumia, maana aliyesomeshwa kwa Kiingereza peke yake hubaki na msamiati wa maradhi, akakosa wa maumivu.

La pili, kifo kikitokea wadini, muuguzi apewe nafasi ya kukaa japo dakika 10 na mwenzake au msimamizi wake, aseme alichokiona. Haihitaji fedha nyingi. Inahitaji awepo mtu wa pili wa kulishika toroli.

La tatu, ambalo ndilo gumu kuliko yote, idadi ya wauguzi ilingane na kazi. Tangu mwaka 2013 sehemu kubwa ya huduma za afya imo mikononi mwa kaunti, na kila kaunti ina bunge lililochaguliwa na watu. Mpiga kura anayeuliza habari za barabara aulize pia ni wauguzi wangapi walio kazini usiku katika hospitali ya karibu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kuna hatari moja: wakubwa wanaweza kuzipenda stadi za hisia kwa kuwa semina ni rahisi kuliko ajira. Muuguzi ataitwa semina ya siku mbili, afundishwe kutabasamu, kisha arudishwe kwa wagonjwa wale wale 42. Huko kutakuwa ni kumwambia "jikaze" kwa maneno ya kitaalamu.

La nne latuhusu sisi jamaa wa wagonjwa. Tunaingia wadini na hofu zetu, tukazitua juu ya mtu wa kwanza aliyevaa sare. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunauona mwepesi kwa kuwa hatuubebi. Salamu kabla ya lalamiko haimgharimu mtu kitu, na lalamiko la haki halipungui nguvu likitanguliwa na salamu.

Sasa niwageukie walimu wenzangu na wanafunzi. Katika somo la isimujamii tunafundisha sajili ya hospitali. Wanafunzi hukariri sifa zake: ina istilahi za maradhi na dawa, ina sentensi fupi, ina lugha ya kuamrisha, ina kuchanganya ndimi. Hukariri wakapata alama, na tukaridhika. Naomba tupige hatua moja zaidi, tuwaulize kwa nini. Kwa nini sentensi ni fupi? Kwa nini amri hutawala? Katika wadi niliyoijua, jibu lilikuwa kwamba aliyekuwa akisema hakuwa na pumzi ya sentensi ndefu. Ukitaka kuthibitisha, mpe mwanafunzi insha ya mazungumzo baina ya muuguzi na jamaa wa marehemu. Mwache kwanza aandike kwa nafsi ya jamaa, kisha aandike upya kwa nafsi ya muuguzi aliye katika saa ya kumi ya zamu yake. Atajifunza sajili, na huenda akajifunza zaidi ya sajili. Nawe mwanafunzi unayetazamia kuomba nafasi ya uuguzi utakapofaulu mtihani wa kidato cha nne, usiache Kiswahili chako kwenye karatasi ya mtihani. Siku moja utakihitaji saa tisa za usiku.

Mwalimu naye asijione yuko mbali na habari hizi. Anayesimama mbele ya darasa lililofurika anajua maana ya kugawa moyo mmoja kwa watu wengi, na anajua jinsi jina la mwanafunzi linavyogeuka kuwa "wewe wa nyuma". Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini cha muuguzi na cha mwalimu nadhani vilitengenezwa na fundi mmoja.

Nimalizie kwa mjomba wangu. Mungu alimjalia nafuu, akaruhusiwa kurudi nyumbani asubuhi ya siku ya kumi na mbili. Tulipokuwa njiani aliniuliza: "Mpwa wangu, yule binti aliyekuwa akinigeuza usiku, anaitwa nani? Nataka nimwombee." Sikuwa na jibu. Beji yake ilifunikwa na sweta usiku wote ule, nami sikuwahi kuuliza. Nilimwita Sista, jina la cheo tulilolirithi kutoka hospitali za Waingereza, ambalo nao walilipata kwa watawa waliowauguza wagonjwa zamani. Mimi niliyesimama usiku wa kwanza nikadai kwamba kitanda 14 kina mwenyewe na mwenyewe ana jina, nilikaa na mtu usiku 11 akanihudumia, nikaondoka bila kujua jina lake.